Mstari wa Ishirini na Saba

Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula, Mwalimu Ushahidi alikuwa kero ya shule nzima. Simsingizii, hata mwenyewe alijijua. Aliingia darasa moja baada ya jingine na bango lake kwapani, akalibandika ubaoni, akashika kiuno. "Mashindano ya utafiti wa historia. Nani anaingia?" Hapo wanafunzi wote wakaanza kuangalia dari, ungedhani dari imetundikwa jana.

"Mwalimu, historia si mambo ya watu waliokufa?" aliuliza mmoja wa viti vya nyuma.

"Na wewe umezaliwa na watu wa kesho? Simama! Nyumba mnayolala nani aliijenga? Huo mtaa wenu kabla hamjahamia alikaa nani? Hujui! Unalala ndani ya nyumba kama mende, hujui hata mwenye nyumba." Darasa likacheka, na yeye akaitumia ile nafasi. "Sitaki mninakilie kitabu. Kitabu nimekisoma. Nataka uende penye swali, ukamtafute mtu aliyeona kwa macho yake, umuulize, urekodi, kisha utafute karatasi inayosema anayoyasema. Mtu na karatasi. Vikikubaliana, una historia. Visipokubaliana, basi hapo ndipo penye utamu."

Jina lile la Ushahidi alipewa kwa haki. Ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza umejuaje. Mumewe, fundi umeme mwenye maneno mengi kuliko nyaya, alikuwa akiwaambia jamaa kwamba yeye akichelewa kurudi nyumbani hutakiwa kuja na mashahidi wawili, mmoja wao asiwe rafiki yake. Wana wao wawili, walioshakua na kuondoka, walilelewa hivyo hivyo. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mnyoofu, hana deni la mtu, anaheshimika. Kitu kimoja tu mumewe hakuwahi kukielewa. Kutoka kwao kwenda shuleni kulikuwa na njia fupi, ile ya mtaa wa kinu cha kusaga, dakika kumi tu. Mkewe alizunguka sokoni, dakika ishirini na tano, kila siku, mvua na jua. "Vumbi la kinu linanikaba," alisema. Fundi umeme akaacha kuuliza, maana mke ni mke.

Mwaka huo walijitokeza wanne. Mmoja alichagua daraja, mmoja soko, mmoja kinu. Wa nne alikuwa msichana mmoja mwembamba waliyemwita Kiulizo, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyokuwa na mkia wa swali. Mwalimu alimpenda yule mtoto. Alijiona ndani yake, na mtu akijiona kwa mtoto wa mwenziwe hana budi kumpenda.

"Mimi nataka mstari wa ishirini na saba," Kiulizo alisema.

Mwalimu alikuwa anafunga mkoba. Akaendelea kuufunga ingawa ulikuwa umeshafungika.

Niwaeleze. Shule ile walikuwa wakiita mahudhurio kwa namba. Mwalimu anasema moja, mtoto anasema nipo, mbili, nipo, hivyo hivyo hadi mwisho. Katika chumba cha mwisho, kile kinachopakana na stoo, daftari la mahudhurio lilikuwa na desturi yake. Mstari wa ishirini na saba hauandikwi jina. Ishirini na sita, kisha ishirini na nane. Hakuna waraka wowote ulioagiza hivyo. Mwalimu mpya akija anaonyeshwa na mwenziwe, "hapo ruka," naye anaruka. Na watoto, bila ya kufundishwa na mtu, wakishafika ishirini na sita hunyamaza kidogo, pumzi moja, ndipo wa ishirini na nane aitikie. Hata wale waliohamia juzi. Wiki ya kwanza tu utawasikia wananyamaza na wenzao. Aliwahi kuja mwalimu wa kujaza nafasi, kijana wa watu, hakuambiwa na mtu, akaita namba zote mpaka mwisho. Akaingia ofisini akiwa mchangamfu, anasema darasa lile lina nidhamu, wameitika wote arobaini na tano. Darasa lilikuwa na watoto arobaini na wanne. Walimu waliokuwa wanakunywa chai waliendelea kunywa chai.

"Mada hiyo haifai," Mwalimu Ushahidi alisema. "Ni uvumi. Waamuzi wanataka vitu vya maana. Shika kinu, mgawane na mwenzako."

"Si ulisema niende penye swali?"

"Nilisema."

"Sasa hapa si ndipo?"

Mtoto akikushika kwa maneno yako mwenyewe utamfanya nini? Mwalimu alisema haya, nenda, akijiambia kwamba madaftari ya zamani yameliwa na mchwa siku nyingi. Wanasema lisemwalo lipo. Mchwa walikuwa wamekula nusu ya stoo, mpaka miguu ya kabati, lakini lile moja, la miaka thelathini na minane iliyopita, hawakuligusa. Kiulizo alilikuta juu kabisa ya rundo, kavu, halina hata tundu.

Alilipiga picha kwa simu ya mama yake, akaja mbio kumwonyesha mwalimu wake, anahema. "Tazama, mwalimu. Namba ishirini na saba alikuwa na jina! Alikuwa msichana. Wakimwita Kiduchu kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote. Alipotea, hajaonekana mpaka leo. Mzee aliyekuwa mpiga kengele wa shule kaniambia, nimemrekodi. Na fundi cherehani wa pale sokoni, alikuwa msaidizi wa kiranja darasa hilo hilo, naye nimemrekodi. Wote wawili wanasema Kiduchu hakuonekana darasani tangu Jumatatu ya wiki ile. Lakini daftari je? Hesabu hizi alama za vema, mwalimu. Kumi na moja! Siku kumi na moja kaandikwa yupo."

"Kiranja alikosea," Mwalimu alisema.

"Saba huenda alikosea. Hizi nne je?"

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Siku saba za mwanzo darasa zima lilikuwa na alama, huyu vema, yule mkasi wa kutokuwepo, kama kawaida. Kisha zikafuata siku nne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu, ambazo safu zake zilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini. Hakuna aliyewekewa alama yoyote. Isipokuwa mstari wa ishirini na saba. Pale palikuwa na vema nne, ndogondogo, zimelalia kushoto.

Mwalimu Ushahidi hakuwa amewahi kuziona zile nne.

"Fundi cherehani anasema siku hizo nne kiranja aliugua homa," Kiulizo aliendelea, hana habari. "Na daftari lilifungiwa kabatini, na ufunguo aliondoka nao kiranja, kwa hiyo hakuna aliyeita namba. Sasa nani aliandika? Nikamwuliza, kiranja alikuwa nani? Akacheka kidogo, akasema mwulize mwalimu wako. Alikuwa nani?"

"Sikumbuki."

Eti sikumbuki! Mwanamke anayekumbuka bei ya sukari ya mwaka alioolewa. Kiulizo alimtazama, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakuuliza kitu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na minane, kwa hiyo na nyinyi msiamini kila mnaloambiwa.

Kiranja alikuwa yeye. Mwalimu wao wa darasa siku hizo alikuwa mvivu wa kupindukia, daftari akamwachia kiranja, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Na Kiduchu alikuwa mchelewaji, kila asubuhi lazima achote maji kwanza, na mchelewaji alikuwa anachapwa. Basi wakapatana. Kiranja atamwekea vema mapema, yeye atapenya dirishani baadaye. Kufunikiana tu, watoto wote duniani hufunikiana. Jumatatu ile akamwekea vema, Kiduchu hakupenya. Jumanne akamwekea, labda leo. Jumatano akataka kuweka mkasi, akaona wataniuliza na jana je? Akaweka vema. Hivyo hivyo, uongo wa jana ukidai wa leo, mpaka zikafika saba. Hizo saba alizijua. Alizibeba mpaka chuo cha ualimu, mpaka kwenye ndoa, mpaka kwenye leba. Kuna na jingine alilolijua, baya zaidi, na hilo hata usingizini hakulisema.

Asubuhi ya pili yake aliingia chumba cha mwisho kuita namba. Moja, nipo. Mbili, nipo. Sauti zikaja zikaenda, yeye anaweka alama bila hata ya kutazama, kazi ya miaka ishirini na sita. Ishirini na sita, nipo. Ile pumzi. Ishirini na nane, nipo. Alipomaliza akatazama daftari. Mstari ule usio na jina ulikuwa na vema. Wino wake mwenyewe, kalamu yake iko mkononi. Ilikuwa ndogo, imelalia kushoto, naye tangu azaliwe anaandika kwa kulalia kulia.

"Nani ameitika?" aliuliza.

Watoto wakatazamana. "Tumeitika wote, mwalimu."

Alikaa kitini, ingawa ana sifa ya kutokaa darasani. Aliogopa, na ukweli ni kwamba hakuwa akiogopa mzimu peke yake. Fomu za mashindano zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Kazi ya Kiulizo ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kusimamia, ingefika fainali, jambo ambalo shule ile haijawahi kuliona. Ilikosa shahidi wa tatu tu, kiranja mwenyewe. Akinyamaza, kazi inakufa na siri inabaki salama. Akisema, jina lake litasomwa ukumbini mbele ya walimu wenzake, wazazi, wanawe. Na kabla ya ukumbi kuna mtu mmoja wa kuambiwa kwanza, na mtu huyo anakaa mtaa wa kinu.

Alasiri ile alimwita Kiulizo. "Chukua simu na daftari lako. Tunakwenda kwa Mama Kiduchu."

"Yupo hai?"

"Yupo. Ana miaka sabini."

"Umejuaje, mwalimu?"

"Twende."

Wakapita njia fupi. Kinu kilikuwa kinasaga, unga umetanda ukutani na kwenye majani, na mwalimu wala hakukohoa. Kiulizo aliliona hilo.

Mama Kiduchu aliwapokea vizuri, wazee hufurahi kutembelewa. Chumba kidogo, pazia la maua, redio imefunikwa kitambaa, viti viwili na kigoda. Ukutani hapakuwa na picha. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, wa zamani kuliko vyote vilivyokuwamo ndani, umepakwa rangi mpya mara nyingi mpaka umevimba. Kiulizo alisalimia shikamoo, akaomba ruhusa ya kurekodi, akaeleza mashindano, yote kama alivyoelekezwa.

"Historia ya mwanangu?" bibi alisema. "Nani anaitaka hiyo, mjukuu wangu? Haya, uliza."

Na alieleza bila ya kusitasita, mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara elfu. Jumapili jioni aligombana na mwanawe kwa ajili ya ndoo iliyopasuka, akampiga kofi. Mtoto akatoka analia. Yeye akajua kaenda kwa shangazi yake, kama ada yake akinuna. Wiki ikapita. Jumanne ya pili akakutana na huyo shangazi sokoni, wifi, mtoto vipi? Mtoto gani? Ndipo akakimbia shuleni. "Mkuu wa shule akanikalisha, akakituma kitoto kimoja kilete daftari. Akalifungua mbele yangu, akaweka kidole. Mama, tazama, vema, vema, vema, mpaka leo asubuhi. Mtoto yupo, anasoma. Ana pa kulala, anakudengulia tu. Daftari halisemi uongo. Nikaona haya, mwanangu. Nikarudi nyumbani na hasira zangu."

Mwalimu Ushahidi alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamebanana. "Mama," alisema, "kile kitoto kilicholeta daftari ni mimi."

Bibi akageuka.

"Nilikuwa kiranja. Nilisimama pale mlangoni nikasikia yote. Ningesema neno moja tu, na sikusema. Zile vema niliziweka mimi kwa mkono wangu. Hakuwapo, mama. Hakuwapo tangu Jumatatu ya kwanza. Jioni ile nikashikwa na homa, nilipopona mambo yalikuwa yameshakuwa makubwa, polisi wapo, nikaogopa, nimeogopa mpaka leo. Nisamehe. Hapana, sikuombi hata unisamehe. Nimekuja kukwambia."

Alilia, na kilio cha mtu mzima aliyekizuia tangu utotoni si kizuri kukisikia. Kiulizo alikuwa ametoa macho, simu imo mkononi inaendelea kurekodi.

Mama Kiduchu hakupiga kelele wala hakutukana. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

"Jumanne nilikuja shule," alisema taratibu. "Unasema mpaka hapo hakuwapo?"

"Hakuwapo."

"Siku zote saba?"

"Zote."

"Na Jumatano?"

Kiulizo ndiye aliyesogea, akamwonyesha ile picha, safu nne tupu na zile vema nne zilizolalia kushoto. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Mwandiko wake," alisema. "Kila kitu alikilaza kushoto. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa." Akavuta pumzi. "Na Jumatatu."

"Umezijuaje, bibi?" Kiulizo alinong'ona. "Sijakusomea siku."

"Alikuja."

Kinu kule nje kilizimwa wakati huo huo.

"Jumatano alfajiri nilisikia mlango unagongwa. Sauti yake, si ya mtu mwingine. Mama, nifungulie nichukue madaftari, nitachelewa namba. Mimi nimetoka kuambiwa na mkuu kwamba mtoto yupo, mzima, ananidengulia. Nikamjibu nikiwa kitandani, nenda huko huko unakolala. Alhamisi akaja tena, maneno yale yale. Ijumaa, yale yale. Jumamosi na Jumapili hakuja. Jumatatu akaja, anagonga polepole, mama, nitachelewa namba. Nikasema leo simfungulii, mpaka aombe radhi. Jumanne nikaamka mapema, nikaondoa komeo, nikasimama hapo mlangoni namngoja. Ndiyo siku walipokuja polisi, wameitwa na shangazi yake."

"Na kulipopambazuka hukutazama nje?" Kiulizo aliuliza, sauti ndogo. "Hata nyayo?"

"Kila mara palikuwa na maji kizingitini. Mvua haikuwapo." Akamgeukia mwalimu, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ambayo usingeitegemea. "Miaka thelathini na minane, mwanangu, najua kitu kimoja. Mwanangu alikuwa hai, alikuja kwangu mara nne, nami nikamfungia mlango. Nimekula nalo, nimelala nalo. Sasa umekuja wewe, umekaa kigodani kwangu, unaniambia siku hizo alikuwa ameshapotea wiki nzima. Wewe ndiye msomi. Wewe ndiye mwalimu wa hayo mambo ya zamani. Niambie basi, na usinidanganye tena. Nilimfungia mlango nani?"

Mwalimu Ushahidi alifungua mdomo. Kiulizo, machozi yanamtiririka, aliisogeza simu karibu yake, kama alivyofundishwa kufanya shahidi anapotaka kusema.